Suti ya mabawa ya Konde: kitambaa, mshono, na ilikosea wapi

Mie ni fundi cherehani Wete, Pemba. Kazi yangu kubwa ni matanga, maturubali na viti vya gari, kanzu nashona sikukuu ikikaribia tu. Nayasema haya mwanzo ili ujue kwamba nnapozungumza kitambaa nazungumza kitu nlichokishika miaka, na nnapozungumza kuruka nazungumza nlichosoma na nlichopima, maana mwenyewe sijaruka popote. Kisa ni cha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Konde, ana miaka 22, na kanipa ruhusa nikieleze chote mradi jina lake nisilitaje.

Huyu mwana alikaa Paje, Unguja, misimu miwili ya kusi, anafanya kazi kwenye zile kaiti za kuvuta watu juu ya maji. Kazi yake kuzibeba, kuzijaza upepo, kuzikunja jioni, na polepole akajifunza kuziba matundu na kushona palipochanika. Kaiti ikichanika vibaya mgeni anaiacha, hairudi nayo kwao, na yeye akaanza kuzikusanya. Aliporudi Pemba alishuka na magunia mawili ya kitambaa cha kaiti, dada yangu akafikiri atauza mifuko. Kumbe mwana keshaona video kwenye simu za watu wanaopita na wingisuti, yaani suti ya mabawa, baina ya majabali ya Uswisi na Norwe, na keshaamua atashona yake.

Kaishona miezi mitatu kwa cherehani ya mama yake ya kukanyaga kwa mguu. Peke yake, usiku, hajaniuliza mie mjomba wake nlie mwendo wa daladala moja tu, na hilo lilinikata moyo zaidi kuliko yote, lakini baadae nlimfahamu, alijua ntamkataza. Kisha siku ya maji ya bamvua, bahari imejaa sawasawa, yeye na rafiki yake mwenye ngalawa wakenda upande wa Ras Kigomasha, pana jabali la mita kama sita juu ya maji, akavaa ile suti na akaruka.

Hakuruka mbali. Kwa maneno ya yule rafiki, "kaanguka kama begi", kidogo tu mbele ya pale ambapo mtu angefika bila suti. Alitangulia kifua. Alipozama mabawa yakajaa maji, mikono ikawa haipandi, miguu imefungwa pamoja na lile bawa la katikati, kichwa kinatoka nusu kinazama. Rafiki yake akapiga kasia akamshika kisigino, akamvuta mpaka ubavuni mwa ngalawa, hakuweza kumpandisha kwa uzito ule, akatoa kisu akachana bawa la kushoto kutoka kwapani mpaka kiunoni, maji yakamwagika, ndo akampandisha. Alikunywa maji mengi, akatapika, akalala spitali usiku mmoja wakimuangalia mapafu. Alhamdulillahi hakuna zaidi ya hapo.

Dada yangu alinipigia siku ya pili yake analia. Akaniambia njoo uichome moto. Nikenda, na niliichukua ile suti ikiwa imeloa, imechanwa, nikaitandaza ukumbini nikaanza kuitazama mshono mmoja mmoja, na nakiri nlikaa nayo mpaka adhana ya laasiri sijasema neno. Ilikuwa kazi nzuri. Sikuichoma. Nikamwambia dada nipe wiki mbili na huyu mwana, kwa sababu ukimchomea hii atashona nyengine, na ya pili atakwenda kuirukia kule kwenye mnara wa taa. Mwana akainamisha kichwa, nikajua nimepiga pale pale. Mnara ndo ulokuwa mpango wake tokea mwanzo, jabali lilikuwa majaribio.

Sasa nianze na kitambaa. Kitambaa cha kaiti ni polista yenye vijiboksi, zile nyuzi nene zinazopita kila milimita chache ili mpasuko usiendelee, na juu kimepakwa dawa isipitishe upepo. Ukisikia wanasema suti za dukani zinashonwa kwa naironi ya aina hiyo hiyo, ni kweli, ni ndugu. Kwa hivo hapa hakukosea kabisa, alipata bure kitambaa ambacho mie kukiagiza kingenitoa jasho. Tatizo ni umri wake. Kaiti inaachwa kwa sababu jua na chumvi vishaila, na kuliwa na jua hakuonekani kwa macho, rangi inaweza kuwa bado nzuri na uzi ndani umeshakufa. Nlikata vipande kutoka bawa la kulia na la kushoto nikavivuta kwa vidole. Cha kulia kilinishinda. Cha kushoto kikachanika kwa sauti ya karatasi. Alikuwa kachanganya kaiti mbili, moja ya msimu mmoja na moja ya Mungu anajua misimu mingapi, bawa moja moja. Na hebu fikiria, ni kwa sababu kitambaa cha kushoto kilikuwa kimeoza ndo kile kisu cha kukatia chambo kikapita mara moja. Kingekuwa kizima sijui kama yule rafiki angewahi.

La pili ni ukataji. Kila fundi anajua kitambaa kina mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, ukivuta kwa njia hizo hakinyooki, ukivuta ulalo kinanyooka. Bawa la kulia alilikata mtande umefuata mkono. La kushoto, kwa kuwa kaiti ile ilikuwa na matundu na alitaka kuyakwepa, alikata ulalo. Likiwa limelazwa mezani yako sawa, nimeyapima kwa futi, tofauti haifiki sentimita moja. Yakiingia upepo la kushoto linatanuka na kujaa tumbo na la kulia linabaki. Kwa tanga la ngalawa tofauti kama hiyo unaisikia kwenye usukani, chombo kinakuvuta upande, unakirekebisha maisha yanaendelea. Kwa mtu alieko hewani maana yake ni kuzunguka, na mtu akishaanza kuzunguka bapa hewani mikono inavutwa nje kwa nguvu, kichwa kinajaa damu, na mkono haufiki pale unapotaka ufike.

Mishono alijitahidi, kapiga ule wa kukunja mara mbili kama wa jinzi. Ila kaweka hatua ndogo mno, sindano imepita karibu karibu mpaka kitambaa kimekuwa kama pembe ya stempu, unavuta na kinakatika kwa mstari. Na uzi wa pamba! Uzi wa kushonea kanzu, ambao ukiloa chumvi mara tatu umekwisha. Nlimuonesha tu tanga langu moja la zamani ambalo kitambaa kimebaki na uzi umetoka wote, akaelewa bila ya mimi kusema mengi.

Sasa yale matundu ya hewa, na hapa ndo penye roho ya hii suti. Watu wengi wanaona picha wanafikiri ni shuka moja iliyoshonwa baina ya mkono na kiuno. Sivyo. Kila bawa ni ngozi mbili, juu na chini, na katikati kuna vipande vilivosimama vinavyozigawa kama vyumba vya mfuko, na mbele kuna midomo inayoingiza hewa. Upepo ukiingia unakwama mule ndani, vyumba vinavimba, na bawa linakuwa gumu lenye umbo, juu mviringo chini bapa. Ndo tofauti baina ya shuka na bawa. Mfaransa Patrick de Gayardon ndie alieipeleka mbele suti ya namna hii miaka ya 1990, mabawa matatu, mawili ya mikono na moja la miguu, na mwaka 1999 Jari Kuosma wa Finland na Robert Pečnik wa Croatia wakafungua kampuni ya BirdMan wakaanza kuziuza kwa watu wa kawaida. Mpwa wangu aliyajua hayo yote, alikuwa kaangalia picha moja moja akahesabu vyumba. Alishona vyumba vitano kila mkono, midomo kaipa wavu ili isizibe. Wallahi nlimsifu, na nilimsifu mbele ya mama yake.

Lakini mdomo unaoingiza hewa unaingiza na maji. Alipotangulia kifua baharini kwa kasi ile, vyumba kumi vya mikono na vya miguu vyote vikajaa kwa mara moja na hakuna pa kutokea, kwa sababu nyuma pamefungwa. Mtu anaweza kusema maji ndani ya maji hayana uzito, kweli, lakini jaribu kusukuma ndoo iliyojaa chini ya maji kwa haraka, utaona. Kila akitaka kupiga mkono anasukuma madebe ya maji. Na akitaka kutoa kichwa juu, yale yaliyoko juu ya uso wa bahari yanapata uzito wake wote. Ndo maana hata watu waliofundishwa, wakianza safari ya kuruka karibu na bahari wanafunzwa kwanza namna ya kujivua suti wakiangukia maji.

Kujivua kwenyewe ndo kosa kubwa kuliko yote ya ushonaji na mie naliweka namba moja. Suti za kweli zina zipu ya mkono ambayo mtu anaiachia mwenyewe, au waya wa kuvuta unaotenganisha bawa na mwili mara moja, ili mtu apate mikono yake. Mpwa wangu alitia zipu za begi za plastiki, zinafungwa kutoka kiunoni kwenda kiganjani, na aliyezifunga ni rafiki yake, maana mwenyewe akishavaa mkono mmoja hawezi kufunga wa pili. Alichovaa hawezi kukivua mwenyewe! Nlimkalisha chini nikamwambia, mwanangu, hata ungekuwa na kitambaa kipya na uzi wa Ulaya, nguo asoweza kuivua mtu peke yake akiwa anazama basi hiyo si nguo ya kuvaa popote.

Akanijibu kwa adabu, "Sawa mjomba, zipu ntabadilisha. Kitambaa ntatafuta kipya. Nikirekebisha yote hayo, ntaruka?"

Nikaona hapa sasa maneno ya kushona yamekwisha, na kumwambia tu hutoruka kwa sababu nimesema mie haisaidii kitu, tushakuwa vijana. Nikamwambia twende tukapime.

Tuliziba lile bawa, tukalitia lile vazi makumbi ya nazi likavimba kama mtu, ndani fito za mkoko zisipinde, tukalilaza kwenye fremu ya mbao juu ya pikapu ya jirani, mbele juu kidogo. Chini ya fremu tukafunga mizani ya kuvuta, ile wanayopimia samaki pale dikoni, ili fremu ikinyanyuka tusome kilo. Tukaenda mapema alfajiri bado barabara tupu, dereva anasoma kasi kwa sauti, mwana kalala nyuma na tochi anasoma mizani. Si maabara, najua, gari lenyewe linaharibu upepo na mshale wa mizani unacheza. Tulirudia mpaka majibu yakawa yanafanana. Kilomita 40 kwa saa, kama kilo tisa. Kilomita 60 kwa saa, kama kilo 21.

Angalia hapo. Kasi imeongezeka nusu tu na nguvu imezidi mara mbili na ushei. Ndo hesabu ya upepo ilivyo, nguvu inakwenda na kasi mara kasi, na mtu wa baharini anaijua bila kuandika, ndo maana upepo ukizidi kidogo tu tanga linapunguzwa. Mwana mwenyewe, skuli alifika kidato cha nne, akachukua chaki akaandika ukutani dukani kwangu. Yeye na suti yake na viatu ni kilo 68. Kilo 21 zipo kwenye 60, kwa hivo 68 zinahitaji kasi ya karibu 108 kwa saa. Akapiga tena ya jabali, mita sita, mtu anafika chini na kasi ya karibu kilomita 39 kwa saa, baada ya sekunde moja na kidogo. Akasimama na chaki mkononi anaangalia zile tisa. Kilo tisa kati ya 68, ndo kilichomshika siku ile. Nyengine zote zilikuwa zinaanguka.

Nikamwambia piga ya mnara. Mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ule wa chuma wa zama za Muingereza, hata mita 30 haufiki. Tukaupa mita 27. Kasi chini kabisa, karibu kilomita 83 kwa saa, na nguvu kama kilo 40. Bado haijatosha na ushafika chini. Na hiyo kasi ni ya kushuka wima, ambayo haina faida mpaka uigeuze iwe ya kwenda mbele, na kuigeuza kunakula mita nyengine nyingi. Ili apate ile 108 tu anahitaji kuanguka mita 46 na zaidi, na hapo ndo bawa linaanza kazi, halijamaliza. Ndo maana wale wa video wanarukia majabali ya mamia ya mita, na wengi wao hawaanzi hata huko, wanaanza kwenye ndege kwenye mita kama 4,000, wana nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Sisi Pemba yetu hii na Unguja yake hatuna pahala hapo, Mungu katupa visiwa vya chini. Na maji? Mwana alikuwa anasema "chini bahari mjomba, bahari laini". Kwa kasi ya 83 kwa kifua bahari si laini, na siku ya jabali alishaonja nusu ya kasi hiyo, michubuko ya kifuani alikuwa bado anayo.

Kitu kilichomgusa kuliko hesabu zote lakini ni popo. Nlimchukua Kidike, kule njia ya Chake, tukakaa chini ya miti jioni tunawaangalia wale popo wakubwa wa Pemba wakiamka. Mabawa yao yakikunjuliwa yanafika kama mita moja na nusu na ziada kidogo, yaani karibu sawa na suti yake, kutoka kiganja mpaka kiganja. Na uzito wa popo? Nusu kilo hivi. Mwana ni kilo 68. Bawa karibu upana ule ule, mzigo zaidi ya mara mia. Alikaa kimya kitambo, halafu akasema na hebu ona mjomba, kila kidole chake kimo ndani ya bawa, kila pembe anaivuta anavotaka, mie nna viganja viwili tu. Hapo nikajua kaanza kufikiri kama fundi tena.

Njiani tukirudi akanitajia Abbas bin Firnas, walisomeshwa chuoni, mtu wa Andalus wa karne ya tisa, kwamba Muislamu alijaribu kabla ya Wazungu. Ni kweli, habari yake kaieleza mwanahistoria al-Maqqari karne nyingi baadae, kwamba alijivika mabawa akapaa kitambo, kisha akatua vibaya akaumia mgongo, na wakasema alisahau kuwa ndege anatua kwa mkia. Nikamwambia basi shika hapo hapo kwenye kutua, maana hilo nlikuwa nalitafutia mlango.

Suti ya mabawa haitui. Hili ndo neno ninalotaka kila kijana mwenye cherehani na simu alifahamu, na kwa hilo tu ndo nimekaa kuandika. Hata ile ya dukani, bora kuliko zote, ikiwa hewani vizuri inakwenda mbele mita mbili na nusu au tatu kwa kila mita inayoshuka, kwa kasi ya gari la barabara kuu. Hakuna miguu inayopokea kasi hiyo. Kinachotua ni parachuti, linafunguliwa mtu akiwa bado juu sana, na kila mtu unaemuona kwenye video anashuka na parachuti ambalo video imelikata. Wa mwanzo kutua bila parachuti hadharani ni Muingereza Gary Connery, tarehe 23 Mei 2012, karibu na Henley-on-Thames, na aliandaliwa mlima wa maboksi ya karatasi 18,600 wa kumpokea. Maboksi elfu kumi na nane na mia sita, na mtu mwenyewe alikuwa mruka wa kazi, anaanguka kwenye filamu kwa mshahara.

Na waliotutangulia sisi mafundi cherehani? Franz Reichelt alikuwa fundi cherehani Paris, anashona nguo za kike. Alishona koti lake linalogeuka parachuti, akaomba ruhusa ya kulijaribu kwa sanamu kutoka mnara wa Eiffel, na tarehe 4 Februari 1912 alipofika pale akasema anaruka mwenyewe. Ghorofa ya kwanza, mita 57. Akafa pale pale. Mita 57 ni mara mbili ya mnara wetu wa Kigomasha. Clem Sohn, Mmarekani, alikuwa anajua kabisa kuruka na mabawa yake ya kitambaa, umati unamjua, na tarehe 25 Aprili 1937 pale Vincennes parachuti halikufunguka. Na huyo de Gayardon nliemtaja, baba wa suti za leo, mtu mwenye maelfu ya miruko, alikufa Hawaii tarehe 13 Aprili 1998 kwa sababu ya marekebisho aliyoyafanya mwenyewe kwenye mfuko wa parachuti lake. Hili la mwisho nlimsomea mwana mara mbili. Mimi ni mshonaji, na najua unavoweza kupitisha sindano pahala ukashika na kitu cha ndani usichokusudia, kwenye kanzu unafumua unashona upya. Juu kule hapafumuliwi.

Kuna mtu wa mtaani aliniambia nimemkatisha tamaa kijana, Afrika hatuvumbui kitu kwa sababu ya wazee kama sisi. Neno hilo lilinichoma na nimelifikiria sana, kwa sababu lina ukweli wake, wangapi tumewazima. Lakini mie sikumkataza kushona. Nlichokataa ni kuwa mtu wa kwanza kulipima vazi awe ni mtoto wa dada yangu akiwa ndani yake, wakati mizani ya samaki inaweza kulipima na makumbi yanaweza kulivaa. Wenzetu wanaoruka kweli wanaambiwa wawe na miruko 200 ya parachuti la kawaida kabla hawajavaa suti ya mwanzo kabisa, yaani mtu anajua kwanza kuanguka, kufungua, kutua, mpaka mikono inafanya yenyewe, ndo anavalishwa mabawa. Mwana alianza na mabawa. Na hiyo miruko ipo kwa anaetaka, jirani tu hapa Diani, pwani ya Kenya, watu wanaruka kutoka kwenye ndege na wanafundishwa. Ni pesa nyingi kwa kijana wa Konde, hilo silifichi.

Mambo yamefika wapi sasa. Zile zipu tumezing'oa, tumezitupa. Bawa la kushoto tumelifumua lote, akakata jengine upya mtande ukifuata mkono, uzi wa polista, hatua ndefu, na safari hii kaja kukata kwenye meza yangu. Mkono kashona wa kuachia kwa kuvuta kamba moja, tumeujaribu na mtu kasimama nchi kavu, kavua akiwa kafumba macho, mara ishirini, na mara mbili ilikwama na tumeona kwa nini, pindo lilikuwa linaingia kwenye meno. Dada yangu alikuja akatazama, hakusema kitu, lakini alituletea chai.

Kaiti mbili za Paje keshaletewa kutengeneza kwa malipo, moja kaimaliza na mwenyewe karidhika. Pesa anaweka, anasema za Diani, na mie namuongezea kidogo kidogo.

Kaskazi ikishika vizuri tutalipeleka vazi ufukweni Vumawimbi, tutalifunga kamba tatu na mizani kwenye kila kamba, tuone likiwa huru upepo wa kweli linavuta sawa kulia na kushoto au bado. Ndani tutatia makumbi.